Cheti cha Bure kwa Seva ya Keja: Venye Utakiseti Ukiwa Gazi Bila Kufungua Poti Hata Moja

Msee, kama ushaweka Home Assistant kwa keja, hongera. Pampu ya kisima inajizima tanki likijaa, taa za nje zinawaka giza likiingia, na ukiwa Ukunda kwa shughuli zako unacheki kwa simu kama geti limefungwa. Sasa hebu cheki ile anwani iko juu ya brauza. Ikiwa inaanza na http bila ile s ya mwisho, kila ukilogi paswadi yako inatembea uchi. Msee mwenye ujuzi kidogo tu, akiwa kwa WiFi hiyo hiyo, anaisoma kama gazeti. Na hiyo paswadi ndiyo inafungua geti.

Kama unachunga nyumba ya wageni kati ya Diani na Msambweni, hapo ni ngori zaidi, juu kila mgeni anapewa paswadi ya WiFi siku ya kwanza. Umelala keja moja na mtu usiyemjua, na nyote mko kwa netiweki moja.

Dawa ni cheti cha usalama, kile kinaleta alama ya kufuli kwa brauza. Zamani cheti kilikuwa cha kununua na kila mwaka unalipa tena. Hiyo stori iliisha Let's Encrypt ilipoingia. Inaendeshwa na Internet Security Research Group, shirika la Marekani lisilo la faida. Walitoa cheti cha kwanza Septemba 2015, wakafungulia kila mtu tarehe 3 Desemba 2015. Hulipi hata shilingi. Kitu unalipa ni umakini, juu cheti chao cha kawaida kinaishi siku 90 tu, na wanategemea mashine yako ijihuishie yenyewe.

Shida ni kwamba maelekezo mengi utakayopata yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wenye intaneti ya waya na anwani ya IP yao wenyewe. Wanakuambia "fungua poti 80 kwa ruta", unafungua, unangoja, hakuna kitu. Unarudia mara tano, Let's Encrypt wanakufungia kidogo, unakasirika, unarudi kwa http. Buda, si wewe. Ni venye intaneti ya huku imejengwa.

Cheti kinasema nini hasa

Watu wa Gazi wanaelewa hii kitu kuliko wanavyodhani. Mikoko Pamoja inauza hewa ya kaboni ya mikoko ya hapo hapo kijijini tangu 2013, eneo la hekta 117, na pesa zinasaidia maji na shule. Mnunuzi yuko Ulaya. Hajawahi kutembea juu ya lile daraja la mbao la akina mama wa Gazi. Mbona analipa? Juu kuna mtu wa tatu, Plan Vivo, ambaye mnunuzi anamwamini na ambaye ana utaratibu wa kukagua.

Brauza yako iko hivyo hivyo. Haikujui, haijui seva yako. Inajua orodha fupi ya wakaguzi wanaoaminika, na Let's Encrypt ni mmoja wao. Tofauti ni kwamba mkaguzi huyu haangalii tabia. Haulizi kama wewe ni mtu mzuri ama kama nyumba ni yako. Anauliza swali moja tu: hili jina la domeni unalitawala kweli? Ukithibitisha, unapata cheti, na mazungumzo kati ya simu na seva yanafungwa mtu wa katikati asiyasome.

Kuthibitisha kuna njia tatu. Ya kwanza, Let's Encrypt wanapiga hodi kwa seva yako kupitia poti 80 na kutafuta faili fulani. Ya pili ni karibu sawa, ila kwa poti 443. Ya tatu hawagusi seva yako kabisa: unaweka neno la siri kwa rekodi ya DNS ya domeni yako, chini ya jina _acme-challenge, wao wanaisoma huko, basi. Hii ya tatu inaitwa DNS-01, na kwa mtu wa Gazi ndiyo ya kushika.

Mbona poti 80 haikubali

Anwani za IPv4 ziliisha duniani, kwa hivyo kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu, zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mbinu hiyo inaitwa CGNAT. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, pia inatumia CGNAT kwa laini ya kawaida ya nyumbani. Ni kama ploti yenye geti moja na sanduku moja la barua. Wewe unaweza kutoka wakati wowote, lakini mgeni akifika getini hakuna anayejua anataka mlango gani.

Kujua kama uko humo ni rahisi. Ingia kwa ruta, tafuta anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko ndani ya CGNAT, juu hilo fungu lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka wa 2012. Ikianza na 10, pia uko nyuma ya mtu. Ama linganisha na ile anwani mtandao unakuambia ndiyo yako. Zikitofautiana, wacha kuhangaika na poti. Na hata kama hazitofautiani, mimi bado ningekushauri usifungue. Machi 2023 ilitangazwa shimo kubwa kwa Home Assistant, limesajiliwa kama CVE-2023-27482, ambalo lilimruhusu mtu wa nje kuruka kulogi kabisa. Cheti hakingekusaidia hapo. Walioponea kirahisi ni wale ambao seva zao hazikuwa zinaonekana kwa intaneti.

Kuseti, kuanzia jina

Kwanza ipe seva anwani isiyobadilika ndani ya nyumba. Ukiwa hapo badilisha pia fungu la netiweki yako kutoka 192.168.1 hadi kitu kisicho cha kawaida, tuseme 192.168.77. Utaona sababu baadaye. Seva yetu tuipe 192.168.77.10.

Pili, pata jina. Duck DNS wanakupa bure hadi majina 5, kila moja likiishia na duckdns.org. Kama una chapaa kidogo na unadai jina lako mwenyewe, domeni za .ke zinasimamiwa na KeNIC na zinauzwa na wasajili walioidhinishwa. Ukichukua njia hiyo, hamishia DNS yake kwa Cloudflare, halafu tengeneza tokeni yenye ruhusa ya kuhariri DNS ya domeni hiyo moja tu. Usitumie ufunguo mkuu wa akaunti.

Kuhusu jina lenyewe, hapa ndipo wasee wanajianika. Kila cheti kinachotolewa kinaandikwa kwa daftari la hadharani ambalo mtu yeyote anaweza kupekua, tovuti kama crt.sh zinafanya hiyo kazi bure. Ukijiita nyumba-ya-bahari-gazi umewaambia dunia nzima kwamba kuna nyumba Gazi yenye geti la kuongozwa kwa simu. Chagua jina lisilo na maana. Jina la paka wa jirani na namba mbili linatosha.

Tatu, ndani ya Home Assistant sakinisha programu ya nyongeza ya Duck DNS. Inafanya kazi mbili: kutunza jina na kuomba cheti kwa njia ya DNS-01. Mipangilio yake inakaa hivi:

domains:
  - jinalako.duckdns.org
token: tokeni-yako-hapa
lets_encrypt:
  accept_terms: true
  certfile: fullchain.pem
  keyfile: privkey.pem
ipv4: 192.168.77.10
seconds: 300

Ule mstari wa ipv4 ndio siri ya mpango mzima. Kawaida programu hii inatangaza anwani ya nje ya nyumba. Wewe unaiambia itangaze anwani ya ndani. Ndiyo, jina la hadharani linaelekeza kwa anwani ambayo mtu wa nje hawezi kufika. Let's Encrypt hawajali, juu kwa DNS-01 hawaji mlangoni. Wanasoma rekodi, wanaridhika, cheti kinatua kwa folda ya ssl. Cheki logi ya programu. Ikikataa, usibonyeze tena na tena kwa hasira: ukifeli mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja unawekwa benchi, na cheti kile kile hakitolewi zaidi ya mara 5 kwa wiki. Mara nyingi kosa ni tokeni iliyokopiwa nusu.

Hiyo tokeni ichunge kama PIN ya M-Pesa. Aliye nayo anaweza kugeuza jina lako lielekee kwake na kuomba cheti halali kabisa. Na faili ya privkey.pem haitumwi WhatsApp, hata kwa fundi, hata ukiwa na haraka namna gani.

Usikiweke cheti ndani ya Home Assistant yenyewe

Wengi wanachukua njia ya mkato, wanaandika ssl_certificate na ssl_key kwa configuration.yaml. Inashika, lakini mimi siipendi kwa mtu wa huku. Ukifanya hivyo poti 8123 inaacha kuongea http kabisa. Siku intaneti ikipotea, jina halipatikani. Ukijaribu anwani ya IP, brauza inalia kwamba cheti si cha anwani hiyo. Umesimama mita 2 kutoka kwa seva na huwezi kuwasha pampu.

Weka badala yake ile programu ya nyongeza ya NGINX, proksi inayokaa mbele. Yenyewe inashika poti 443 na cheti, na 8123 inabaki mlango wa dharura wa ndani. Kwa mipangilio yake andika jina lako, na sehemu ya hsts iache tupu hadi uone kila kitu kinashikana. Halafu kwa configuration.yaml ongeza:

http:
  use_x_forwarded_for: true
  trusted_proxies:
    - 172.30.33.0/24

Bila mistari hiyo utapata kosa la 400 na utadhani cheti kimeharibika. Zima uwashe Home Assistant, fungua https://jinalako.duckdns.org ukiwa kwa WiFi ya nyumbani. Kufuli liko? Freshi. Bonasi: kuongea na msaidizi wa sauti kupitia brauza sasa kutakubali, juu brauza hazifungui maikrofoni kwa tovuti ya http.

Kama halifunguki kabisa, kuna uwezekano ruta yako inakataa majibu ya DNS yenye anwani za ndani. Ni ulinzi mzuri tu, umekukuta upande mbaya. Sakinisha AdGuard Home kwa seva hiyo hiyo, iambie kwamba jina lako ni 192.168.77.10, kisha ruta igawe AdGuard kama DNS kwa kila simu. Unapata na faida ya pili: jina linajibiwa humo humo nyumbani hata bando likiisha. Mimi ningeiweka hata kama ruta haina shida.

Na wageni? Wape WiFi yao tofauti, isiyoona seva. Ule mlango wa dharura wa 8123 bado ni http, na hauna sababu ya kuwa karibu na mtu aliyekuja kulala siku 2. Kama una kamera pia, kumbuka nyumba ya kukodisha ni biashara, kwa hivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Waambie ziko wapi, na usiweke ndani.

Ukiwa mbali na keja

Jina lako linaelekeza ndani, kwa hivyo ukiwa Likoni unangoja feri halifunguki. Hapo unaleta Tailscale. Unaiweka kwa seva kama programu ya nyongeza na kwa simu yako kama programu ya kawaida, zote kwa akaunti moja. Zinatafutana zenyewe hata nyuma ya CGNAT na kutengeneza njia ya siri kati yao. Kwa ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, kubali njia ya 192.168.77.0/24 inayotangazwa na seva. Sasa simu ikiwa popote inaona netiweki ya nyumbani, jina ni lile lile, cheti ni kile kile, na kufuli linabaki palepale. Na ndiyo maana tulikimbia 192.168.1: ukifika kwa WiFi ya mkahawa inayotumia fungu hilo hilo, simu haiwezi kujua unamaanisha netiweki gani.

Kuna njia zingine. Handaki la Cloudflare ni la bure na halihitaji kitu kwa simu, lakini mazungumzo yanafunguliwa kwao kabla ya kufungwa tena, kwa hivyo unawaamini wao. Home Assistant Cloud ya Nabu Casa unalipia kila mwezi, cheti wanakipanga wenyewe, na usiri unaanzia kwa simu hadi kwa seva yako bila wao kusoma. Kama nyumba si yako na mwenyewe yuko Ujerumani hataki stori mingi, mwambie tu alipe hiyo.

Siku 60 baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinakufa kimya. Programu ya Duck DNS inajaribu kuhuisha cheti kikibakisha karibu siku 30. Ikikosa intaneti leo itajaribu kesho, una mwezi mzima wa kupumua. Mtego uko kwingine: cheti kipya kinaandikwa kwa folda, lakini NGINX inaweza kuwa bado imeshika cha zamani kichwani hadi mtu aiambie isome upya. Kwa hivyo tengeneza otomesheni ya kuzima na kuwasha programu ya NGINX kila Jumatatu saa tisa usiku. Inachukua sekunde chache na hakuna atakayeshtukia.

Kama ulichukua domeni yako na unatumia programu ya Let's Encrypt badala ya Duck DNS, jua kwamba kwa miaka mingi imekuwa ya kufanya kazi mara moja ikawaka, ikazima. Ipangie nayo ratiba.

Kisha weka mlinzi. Zamani Let's Encrypt walikuwa wanakutumia barua pepe cheti kikikaribia kuisha. Waliacha tarehe 4 Juni 2025. Sasa ni wewe. Home Assistant ina kiunganishi kinachoitwa Cert Expiry. Unakipa jina na poti 443, kinakuletea tarehe ya mwisho ya kile cheti seva inaonyesha kweli kweli. Hakiangalii faili iliyo kwa folda, kwa hivyo ule mtego wa NGINX hautakipita. Tengeneza taarifa ije kwa simu zikibaki siku 20. Mbona 20? Kwa sababu kuhuisha kulipaswa kufanyika kwa karibu 30, kwa hivyo ukiona hiyo taarifa kitu kimefeli siku kama 10 mfululizo, na bado una muda wa kwenda Gazi ukiwa umetulia. Sharti la otomesheni, ukibadilisha jina la kihisi:

{{ (as_datetime(states('sensor.cheti_changu')) - now()).days < 20 }}

Usiiache hii ukisema utakuwa unahuisha kwa mkono. Muda wa vyeti duniani unazidi kukatwa: kikomo cha juu kilipangwa kushuka hadi siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 Machi 2027, na siku 47 kufikia 15 Machi 2029. Kwa siku 47, kwa mkono haitawezekana.

Stima nayo ina ngori zake. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza kwa masaa mengi. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Stima ikirudi kabla ya intaneti, saa yake inaanza pale ilipozimikia. Kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili wa namba 6, namba zitakataliwa na utadhani umehakiwa. Hujahakiwa. Intaneti ikirudi saa inajirekebisha. Kibaya zaidi ni ile kadi ndogo ya kumbukumbu kuharibika stima ikikatwa ghafla, kwa hivyo panga nakala rudufu ya kila wiki itoke nje ya Pi. Nakala kamili inabeba folda ya ssl pia, na hautalazimika kuomba cheti upya katikati ya usiku.

Mwisho ni simu ya mlinzi wa nyumba. Android za kabla ya 7.1.1 hazina mzizi wa Let's Encrypt kwa orodha yao. Msaada wa muda waliowekewa baada ya mzizi wa zamani kuisha tarehe 30 Septemba 2021 nao ulifika mwisho 2024. Kwa hivyo ile tableti ya kitambo uliyobandika ukutani inaweza kukataa cheti ambacho simu yako inakubali. Usimfundishe mlinzi kubonyeza "endelea tu", juu siku onyo likiwa la kweli atabonyeza vile vile. Tableti iache itumie 8123 kwa netiweki ya ndani, ikiwa na akaunti yake isiyo na ruhusa za usimamizi na isiyoona geti kwa ukurasa wake. Mlinzi mtafutie simu mpya kidogo. Halafu kabla uondoke, zima data ya simu yako na uchomoe ruta kutoka kwa intaneti, jaribu kuwasha pampu. Rudisha intaneti, toka nje hadi barabara ya Lunga Lunga, zima WiFi, washa Tailscale, jaribu geti.